Mkono Ulioitwa wa Kulia

Kwa wiki tatu nzima mama yangu aliidanganya kompyuta, na kwa wiki hizo tatu mimi nilitembea Mpanda nimeinua shingo kama mtu aliyeleta reli mjini. Naandika haya kwa ruhusa yake. Alitoa sharti moja tu, niseme wazi kwamba aliyedanganywa zaidi hakuwa kompyuta. Haya, nimesema.

Mimi ni fundi wa kompyuta na simu, nina kibanda changu karibu na soko. Nyumbani ni Misunkumilo, ambako naishi na Mama tangu baba yetu afariki. Mama ni Mfipa aliyeolewa huku Mpanda, na ulimi wake haujawahi kupata likizo. Masika ya mwaka juzi kiharusi kilimkuta asubuhi akipepeta mchele. Ulimi ulirudi baada ya siku chache, tukamshukuru Mungu, kisha tukajuta kidogo. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ukagoma. Ulibaki umekunjwa kifuani, vidole vimefumba, na ukiulaza mezani kiganja kilitazama chini kwa ukaidi ambao naujua vizuri, maana nimeurithi.

Mtu mwingine angesema bahati yake, mkono wa kushoto ni mzima. Lakini kwetu watu husalimiana kwa makofi. Unainama, unakunja magoti kidogo, unakutanisha viganja taratibu, pa, pa, pa, huku mnaulizana habari za nyumbani, za shamba, za watoto, mpaka za kuku ziishe. Mtu mzima anayekaa kimya mbele ya wageni bila kupiga makofi amewaambia warudi walikotoka. Mama alikuwa maarufu kwa makofi yake. Sasa, mgeni akibisha hodi tu, yeye alishaingia chumba cha nyuma na kuvuta pazia, na mimi nikabaki kusema uongo kwamba amelala. Wageni walianza kushangaa usingizi gani huo.

Basi mdogo wangu wa mwisho akapata mchumba. Wakwe watarajiwa, watu wa Kapalamsenga kule ziwani, nao wapiga makofi kama sisi, wakatuma neno kwamba baada ya mavuno watakuja kujitambulisha. Mama akasema amefurahi sana, na kwamba shangazi yetu atawapokea.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nitakuwa nyuma. Unataka niwapungie mkono mmoja kama nasimamisha bajaji?"

Mdogo wangu alilia siku nzima. Alisema hawezi kuposwa huku mama yake amejificha nyuma ya pazia, ni afadhali wakwe wasije kabisa. Mimi sikulia. Mimi nikiumia nakasirika, na nikikasirika natafuta kitu cha kufungua kwa bisibisi.

Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa ametupa mazoezi mapema sana: kubana mpira, kuokota maharage moja moja, na hasa kugeuza kiganja kitazame juu, kama mtu anayepokea karanga. Hilo la kugeuza alilisisitiza mno. Alisema kiganja kikijua kugeuka, vidole navyo huanza kulegea. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu kubwa. Mpira ulipotea siku ya pili. Maharage yakapikwa.

Ndipo kikaja kifaa. Kulikuwa na mtu Dar es Salaam aliyefunga duka lake la intaneti, nami nikachukua vitu vyake vilivyobaki, vikaja kwa basi ndani ya gunia. Chini kabisa ya gunia, chini ya kibodi zilizong'oka herufi, kulikuwa na kitu kidogo cheusi, urefu wake kama kidole, juu kina kioo kinachong'aa na ubavuni kina waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Nilidhani ni kiberiti cha kitajiri. Kumbe ni jicho la kusoma mikono. Unakilaza mezani mbele ya kompyuta, unapitisha mkono wako juu yake hewani, bila kugusa chochote, na kwenye skrini unatokea mkono mwingine wa mifupa unaokuiga kila unachofanya.

Nilimletea Mama jioni hiyohiyo. Alikitazama, akakigusa kwa kidole cha kushoto, akafuta kidole kwenye kanga.

"Kanafanya nini haka kadude?"

Hakuna swali ninalolipenda kuliko hilo. Nilimweleza kwamba chini ya kile kioo kuna taa ndogo zinazotoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, mwanga uleule wa rimoti ya televisheni. Akasema mwanga usioonekana ni giza. Nikachukua simu yangu, nikafungua kamera, nikaielekeza kwenye kifaa, naye akaona kwenye simu vidoti vya zambarau vikiwaka pale ambapo macho yake hayakuona kitu. Akainua macho, akaangalia kifaa, akarudi kwenye simu. Akaninyang'anya simu ahakikishe mwenyewe.

Nikaendelea kabla mshangao haujamtoka. Mwanga ule hupanda, hugonga mkono, hurudi chini. Huko chini kuna kamera mbili zilizokaa kando kando, kama macho yetu mawili. Ukifumba jicho moja na kujaribu kutumbukiza uzi kwenye tundu la sindano utajua kwa nini zinahitajika mbili: kila moja inauona mkono kutoka mahali tofauti kidogo, na kompyuta ikilinganisha picha hizo mbili inajua kidole gani kiko karibu na kipi kiko mbali. Kisha inachora mifupa, kiungo baada ya kiungo, na inafanya hivyo upya mara nyingi ndani ya kufumba na kufumbua.

"Na kidole kilichojificha nyuma ya kingine?" Mama akauliza.

Hapo nilipaswa kushtuka. Mtu asiye na nia mbaya haulizi kuhusu kujificha. Lakini nilikuwa nimelewa ualimu, nikamjibu kwa uaminifu wote: kisichoonekana, kifaa hukikisia. Kinajua mkono wa binadamu una vidole vitano na kidole gumba kinakaa upande gani, basi kinajazia chenyewe.

"Aa. Kumbe kanabahatisha," alisema Mama.

Kilikuja na programu ya mafunzo. Vijitofali vya rangi vinaelea kwenye skrini; unakutanisha kidole gumba na cha shahada, unakiokota kimoja, unakipanga juu ya kingine. Chini inaandikwa mkono uliofanya kazi, wa kulia au wa kushoto, na idadi ya vijitofali. Mama alisema yeye ameshajenga nyumba ya kweli na choo chake, leo hawezi kuanza kujenga ya hewani. Nikamwambia mdogo wangu anahesabu siku. Akavuta kiti.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Aliweka mkono wa kulia, na kwenye skrini ikatokea mifupa imejikunyata, inatetemeka, inapotea na kurudi. Hakuokota hata kimoja. Mchana jua lilipoingia dirishani kifaa kilipofuka kabisa, kwa sababu jua nalo lina mwanga uleule usioonekana, tena kwa wingi, ukazimeza zile taa ndogo. Tukatundika kanga dirishani. Siku nyingine kioo kilikuwa na mafuta ya kupikia, kikalalamika. Niliondoka asubuhi kwenda kibandani nikiwa na uhakika kwamba nikirudi nitakuta kifaa nacho kimepikwa.

Nilikuta vijitofali vinne. Mkono wa kulia, imeandikwa hapo, vinne. Kesho yake tisa. Wiki ya pili Mama alikuwa anajenga kuliko watu wa halmashauri. Nilipiga picha ile skrini nikaitupa kwenye kundi la familia kwenye simu, nikaandika maneno marefu kuhusu teknolojia na upendo wa mtoto kwa mzazi. Kaka zangu walipongeza. Shangazi aliuliza kama kinatibu na mgongo. Nilikwenda mpaka hospitalini kumwonyesha dada wa mazoezi, bila kuulizwa, na nikampa ushauri wa kazi yake. Alizitazama zile namba, akasema ni nzuri sana, akaomba amwone Mama mwenyewe. Nikamwambia ana shughuli, anafanya mazoezi. Nikikumbuka hilo hadi leo masikio yananiwasha.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Mezani Mama aliendelea kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, na ule mwingine ukiwa umelala mapajani. Nikajiambia ni mazoea.

Alhamisi moja nilisahau chaja, nikarudi nyumbani saa sita mchana kwa bodaboda. Nje ya dirisha nilisikia kicheko cha watu wawili. Mmoja alikuwa Mama. Wa pili alikuwa jirani yetu, mama wa Kirundi kwa asili, mkulima hodari wa mahindi, ambaye mbele yangu huwa mtu wa sala na staha. Nikachungulia. Jirani alikuwa ameshika kanga ya dirishani isipeperuke, mkono mwingine bakuli la karanga. Mama alikuwa ameketi kama malkia. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani palepale. Wa kushoto aliuteremsha chini ya meza, akaugeuza, akauleta juu ya kifaa kiganja kikiwa kimetazama mbinguni. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: wa kulia. Na Mama akaokota kijitofali.

"Cha kumi na mbili!" jirani akapiga kelele. "Leo mtoto atafurahi!"

Niliingia bila hodi. Jirani aliachia kanga, jua likaingia, mifupa yote ikafutika kwenye skrini. Alisema ameacha chungu jikoni, akaondoka na karanga zake.

Niache niseme alichogundua, kwa sababu kama fundi nilipaswa kukigundua mimi. Laza mkono wako wa kulia mezani, kiganja chini: kidole gumba kinaelekea kushoto. Sasa laza wa kushoto, kiganja juu: kidole gumba kinaelekea kushoto vilevile. Ukiondoa kucha na mistari ya kiganja, mikono hiyo miwili ina umbo moja. Kifaa kile kinaona umbo na umbali tu, na programu yake ya zamani iliamini kwamba kila mkono unaoingia umeelekeza kiganja chini, kama watu waungwana wanavyofanya. Ukiugeuza mkono ukiwa palepale juu yake kinakufuata bila kukosea. Ukiugeuza kwanza mafichoni ndipo uulete, unakiuzia mkono bandia.

"Nani alikufundisha?" nilifoka.

"Karanga," alisema Mama.

Siku moja kati ya zile za mwanzo jirani alikuja na karanga za kukaanga. Mama, huku kompyuta inawaka, akanyoosha mkono uliobaki kuzipokea, wa kushoto, kiganja juu, ukapita juu ya kile kifaa, na aibu ikamshika, kwa sababu mtu aliyelelewa hapokei kitu kwa kushoto. Alikuwa anaanza kuomba radhi alipoona skrini imeandika wa kulia. "Kakanisitiri," aliniambia. "Mbele ya mgeni, mwanangu. Daktari hakunisitiri, wewe hukunisitiri, ila haka kadude kakasema mkono huu ni wa kulia. Nikakapenda."

Nilikuwa na hasira bado. Nikamuuliza ananidanganya mimi kwa faida gani, wakwe wanakuja, namba zote zile nilizotangaza!

"Wewe ulitaka namba. Nimekupa namba." Kisha akaacha utani, na sauti ikashuka. "Umewahi kukaa hapa ukautazama mkono wangu kwenye hiyo skrini? Unafanana na mguu wa kuku aliyechinjwa. Kila asubuhi unaniwekea niuangalie, halafu wewe unaenda kazini."

Hapo hasira iliniishia yote. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa nimemnyima mama yangu hata pazia la kujifichia. Nikazima kompyuta, tukakaa.

Lakini mimi ni mtoto wake. Haikupita nusu saa wazo likanijia, na sitadanganya kwamba lilikuwa wazo la kitabibu. Lilikuwa uchokozi.

"Mama," nilisema, "kukidanganya kwa mkono mzima ni kazi ya mtoto. Hata mimi naweza. Huwezi kukidanganya kwa ule mgonjwa."

"Nani hawezi?"

"Uugeuze wa kulia, kiganja juu, kiseme ni wa kushoto. Huwezi."

Alinitazama kwa jicho la kunipima. Kisha akauchukua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mezani, akajaribu kuugeuza. Haukugeuka. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimeshaziba nusu ya skrini kwa karatasi, mifupa isionekane, libaki lile neno la chini tu. Neno lilisema: wa kulia. Mama akakitukana kifaa kwa Kifipa, tusi ambalo sikujua kwamba analijua.

Kuanzia siku hiyo sikumkumbusha mazoezi tena. Yalikuwa vita kati yake na kile kitu. Jirani alirudi, kwa aibu mwanzoni, kisha akawa mshangiliaji mkuu. Alitundika kanga, alifuta kioo, na alitoa karanga moja kila mkono uliposogea hata kidogo. Siku nyingi haukusogea. Siku moja Mama alilia, akasema amechoka, mkono huu umemfia mwilini. Nami nilikaa karibu naye. Kesho yake aliwasha kompyuta mwenyewe. Wiki zikapita, mahindi yakavunwa. Mchana mmoja simu yangu iliita kibandani, na kabla sijasema halo nikasikia watu wawili wakipiga kelele kwa pamoja, "Kushoto! Kamesema kushoto!" Mteja aliyekuwa mbele yangu alidhani tumepata ajali.

Nikafunga kibanda nikaenda kushuhudia. Ilichukua muda mrefu, jasho likimtoka, kidole kidogo kikiwa bado kimejikunja. Lakini mkono wa kulia uligeuka, kiganja chake cheupe kikatazama juu, na kifaa kikadanganyika. Sijawahi kufurahia kosa la kompyuta kama siku ile.

Zilibaki siku mbili wakwe wafike. Nilitaka kuona makofi kwenye skrini, niyarekodi, niyatupe kwenye kundi la familia, sababu mtu haachi tabia kwa mara moja. Nikamwambia apige juu ya kifaa. Alikutanisha viganja, na skrini ikawa tupu. Ikaonyesha mkono mmoja, ikaupoteza, ikaonyesha mwingine, ukapotea nao. Mikono ikikutana, mmoja unaufunika mwenzake, na kamera za chini hazioni tena wapi unaishia huu na wapi unaanzia ule. Hata kukisia kikashindwa.

"Kameshindwa kusalimiwa," Mama akasema kwa dharau. "Kafungie."

Nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Wakwe walifika asubuhi, wazee watatu na mama mmoja mtu mzima aliyetangulia mbele. Sebuleni shangazi alishajiweka tayari, mdogo wangu yuko jikoni hapumui. Nilimwona yule mama akitazama viti, akihesabu nani hayupo. Ndipo pazia la chumba cha nyuma likasogezwa na Mama akatoka, amevaa kitenge chake cha Pasaka, akatembea polepole mpaka katikati ya chumba. Akainama, akakunja magoti.

Pa. Pa. Pa.

Yalikuwa makofi mepesi, yamechelewa kidogo, lakini yalisikika chumba kizima. Wageni wote wakainama wakayajibu, habari zikaanza kuulizwa, za safari, za ziwa, za mavuno, na kutoka jikoni nikasikia sufuria ikianguka. Mdogo wangu hajawahi kuangusha sufuria maishani mwake.

Mimi nilikuwa pembeni, mahali pa kuonea vizuri, kwa hiyo niliona ambacho wageni hawakukiona. Mkono wa kulia haukupiga chochote. Alikuwa ameubana kwenye kiwiko, chini ya kanga aliyojitanda, kiganja kikiwa nje kimetazama juu, umefunguka kama alivyoufundisha, umetulia tu. Wa kushoto ndio uliokuwa ukishuka na kuugonga, kazi yote ukifanya peke yake.

Walipofika kwenye habari za kuku Mama alipita karibu yangu kwenda kukaa, akaniinamia sikioni.

"Wewe fundi. Ni mkono gani uliopiga?"

Nikamsogezea kiti, nikamjibu.

"Wa kulia, Mama."